Ruhusa ya Baba

Siku hiyo baba alilalamikia chumvi. Si jambo la kumtisha mtu, ila baba huyo alikuwa na mwaka wa pili hajatamka neno likaeleweka, tangu kiharusi kimpige na kumwacha hamjui hata bintiye. Sasa alisukuma bakuli kando.

"Mchuzi haujakolea," akasema, kwa sauti safi ya mtu aliyeamka vizuri.

Binti, msusi aliyefunga saluni yake ili amuuguze, alibaki na kijiko mkononi. Furaha ilimjaa, kisha ikamwisha, maana maneno yalitangulia na midomo ya baba ikafuata nyuma. Na chumba kilinuka nywele zilizoungua. Harufu hiyo haimpotei msusi, lakini humo ndani hapakuwa na moto.

Nyumba ikajaa shangwe. Kaka yake alimkumbatia mzee akalia. Kwa kuwa baba hakuwa tena na akili ya kuamua, mahakama ilikuwa imemkabidhi binti usimamizi wa mambo yake yote, nyumba, pensheni, hata sahihi, na jambo hilo lilimkaa kaka kama mfupa kooni. Sasa baba mwenyewe akawa anataka wende kwa hakimu usimamizi ufutwe, kwani amepona. Binti alipotaja ile harufu, kaka akamwambia amenogewa na funguo za mzee.

Binti akaita mganga wa kike kimyakimya, kaka akiwa kazini. Mama yule alifukiza, akasoma, akatoka jasho likimtiririka. Alimnong'oneza mlangoni kwamba aliyemo humo si baba, na kwamba dawa haimshiki, kwa sababu anadai kakaribishwa na mwenye mwili. Jini aliyekaribishwa hafukuzwi na mpita njia.

"Atafukuzwa na nani?"

"Mwenye mamlaka," mganga akasema, akaenda zake bila kugeuka.

Binti akarudi chumbani, na ingawa jua lilikuwa la utosi mle ndani mlikuwa na giza la kisima, na harufu ile ikampanda puani mpaka machozi yakamtoka, na nyuma ya kitanda kitu kikawa kinakwaruza ukuta polepole kama chanuo kwenye kichwa kikavu, na baba, ambaye hakuweza hata kujigeuza bila kushikwa, alikuwa ameketi wima akimtazama kwa macho yasiyopepesa, lakini binti hakurudi nyuma.

"Nani kakuruhusu?" akauliza, sauti ikimtetemeka.

"Baba yako. Nilibisha hodi, akasema karibu."

"Kabla hajaugua, au baada?"

Mkwaruzo ukakoma.

"Baada."

"Basi hukukaribishwa. Baba yangu hawezi kuuza hata kuku bila mimi. Analokubali yeye ni batili mpaka niliidhinishe mimi, na wewe sijakukubali. Toka."

"Nikitoka, hatakuita mwanangu tena."

Hapo jini alimpata binti penye kidonda. Asubuhi ile ile alikuwa ameitwa mwanangu, na japo alijua si baba, alikwenda kulilia jikoni kwa utamu wake.

"Asiniite," akasema. "Toka kwa baba yangu."

Dirisha likafunguka kwa kishindo, harufu ikapita usoni mwake kama mtu anayesukuma wenzake mlangoni, na mzee akalegea. Binti akamdaka kabla hajafika chini. Macho ya mzee yalizurura darini, udenda ukamshuka. Alikuwa mzito, mzito wa kawaida.

Kaka aliporudi alimsemesha baba weee, asijibiwe hata kwa mguno. Akamgeukia dada yake, akasema kwa sauti ya chini kwamba amemuua baba yao.

"Baba yupo, ndiye huyu hapa," binti akajibu, akimfuta kidevu. "Yule mwingine ndiye kaenda."

Kaka akaapa kwamba kesho anakwenda mahakamani dada yake avuliwe usimamizi. Binti akamwambia atangulie tu. Yeye atafika akishamwogesha mzee.