Kidole cha Mulamba

Zama zile za pembe na magobori, kabla bendera ya mgeni yeyote haijasimikwa bara, njia itokayo Ziwa Tanganyika kwenda pwani ilikuwa njia ya vitisho. Kila mto ulikuwa na mwenyewe, kila pori lilikuwa na mwenyewe, na kila mwenyewe alitaka hongo. Misafara yenye baruti ilipita kwa baruti. Msafara wa mnyampara Kapela, ambao magobori yake yalikuwa ya kubebwa tu kama kuni, ulipita kwa Mulamba.

Mulamba alikuwa mpagazi, mtu wa ng'ambo ya ziwa, mrefu na mpole, asiyeweza kukaa bila kusuka mkeka. Kwao kijana hahesabiwi mtu mzima mpaka meno yake ya mbele yachongwe yawe makali, na yake yalichongwa na fundi hasa. Mkewe Nyamizi, Mnyamwezi aliyefuatana naye safarini na vyungu vyake kichwani, aliyapenda meno yale. Watu wa njiani waliyaona wakarudi nyuma. Kapela naye, ambaye hapakuwa na kitu asichoweza kukigeuza biashara, akaona amepata ngao.

"Nyamizi," akasema, "mfundishe mumeo uzimwi."

Basi akamfundisha, wawili hao wakivunjika mbavu kwa kucheka. Zimwi husemea puani. Zimwi hunusa kwanza, ndipo likasalimu. Ukiweka sikio tumboni mwake utawasikia wakilia wote liliowameza, na ukilikata kidole kidogo cha mkono, wote hutoka wazima. Hayo Nyamizi aliyapata kwa bibi yake, kama kila mtoto wa nchi ile alivyoyapata kwa bibi yake. Mulamba akavaa ngozi ya nyani, akajipaka majivu, na wadai hongo walipokuja akajitokeza akivuta hewa: "Nasikia nyama changa! Nyama changa iko wapi?" Wakatimua mbio, mikuki yao chini. Jambo lililomsumbua Mulamba baadaye lilikuwa moja tu, kama sauti ya puani ilitoka vizuri.

Mambo yakawa hivyo mpaka Igulwa, boma la magogo la Mtemi Lugusha. Msafara uliingia kununua mtama, na kabla haujafunga mizigo, ruga-ruga wa jemadari Kisabo wakalizingira boma. Hao walikuwa wapiganaji wa kukodiwa, wenye vilemba vyekundu na njuga miguuni. Walitaka pembe za Kapela na ng'ombe wa Lugusha. Kapela akampandisha Mulamba juu ya magogo. Mulamba akanusa, akanguruma, akakenua. Lo! Ruga-ruga wakahamisha kambi yao mpaka ng'ambo ya kijito. Wanawake wa Igulwa wakapiga vigelegele, na Mtemi akamvika Mulamba kaniki mpya kwa mkono wake mwenyewe.

Lakini kusogea si kuondoka. Kijito kilikuwa cha ruga-ruga sasa, na mashamba yalikuwa yao. Vihenge vya mtama vikabaki vitupu, ng'ombe walichinjwa wakaisha. Watu wakachemsha ngozi. Vigelegele vikakoma, na mama waliompisha Mulamba njiani kwa heshima wakaanza kumpisha huku wamewashika watoto wao.

Ndipo Milembe, mjukuu wa Mtemi, mtoto wa miaka mitano hivi, akapotea.

Alitafutwa asubuhi nzima. Lango lilikuwa limefungwa, na walinzi waliapa hakutoka hata panya. Kama hakutoka, basi kaliwa, na wa kumla alijulikana. Mulamba alikutwa akisuka mkeka. Wakamburuta hadi uwanjani na mkeka wake, Nyamizi nyuma yao anapiga yowe.

"Mnyampara!" alimlilia Kapela. "Waambie! Si wewe uliyetutuma?"

Kapela alitazama pembe zake zilizopangwa ukutani mwa nyumba ya Mtemi. Akasema, "Mimi huyu nilimwokota njiani tu. Kwao sikujui."

Mshenzi yule! Aliyasema bila hata kukohoa.

Mulamba akawatazama watu, akatabasamu ili wamwone mpole. Jamani, alitabasamu, na umati mzima ukarudi nyuma kwa kelele. Shangazi wa mtoto, mwanamke aitwaye Mbula, peke yake ndiye aliyesogea. Akapiga magoti, akaweka sikio kwenye tumbo la Mulamba. Tumbo lile lilikuwa halijaona chakula tangu juzi. Likanguruma, likavuta sauti nyembamba ndefu.

"Analia!" Mbula akapasuka kilio. "Milembe wangu analia humu ndani!"

"Ni njaa!" Nyamizi akajitupa katikati. "Njaa hiyo, dada yangu! Njoo usikilize langu! Tumbo la nani hapa halilii?"

Hakuna aliyekuja kusikiliza lake. Mtemi Lugusha alikuwa ameshaomba shoka. Hakuwa mtu mkatili Mtemi yule; alikuwa babu anayetaka mjukuu wake.

"Waache, mama," Mulamba akamwambia mkewe, kwa sauti yake mwenyewe, ya chini. "Kidole ni kidole tu. Wakikata wasione mtu akitoka, watajua mimi ni mtu, wataniachia."

Nyamizi akaamini. Angefanya nini tena? Wakamlaza mumewe mkono kwenye gogo, na shoka likashuka. Mulamba, aliyebeba pembe nchi nzima bila kuguna, akapiga ukelele uliotikisa boma.

Ukelele haujaisha, Milembe akatokea nyuma ya nyumba akifikicha macho.

Babu yake akamkumbatia, akamshika uso. "Mjukuu wangu, ulikuwa wapi?"

"Gizani," mtoto akasema. "Kulikuwa na joto."

"Ukatokaje?"

"Nilisikia mtu analia, nikatoka."

Nyamizi aliona makapi ya mtama kwenye nywele za mtoto. Akamrukia, akayachambua, akawanyanyulia watu. "Kihenge! Alikuwa amelala kihengeni! Tazameni makapi!" Aliwaonyesha mmoja mmoja. Mbula akamtazama kwa huruma ya kweli, akasema, "Masikini, kumbe na mtama wetu lilikuwa linakula."

Zimwi haliuawi ndani ya boma. Wakamfungulia lango kidogo, wakamsukuma nje na damu yake. Nyamizi akataka kutoka naye. Wanawake wakamshika kwa nguvu, wakimbembeleza, wakimwambia ameshaokoka. Kupitia mwanya wa magogo alimwona akitembea kuelekea kijitoni, ameinua mikono, anaita kwa sauti isiyo ya puani hata kidogo: "Mimi ni mtu! Naitwa Mulamba!"

Ruga-ruga hawakungoja afike. Walipiga magobori yote kwa pamoja, kisha wakaogopa hata kuujongelea mwili. Kulipopambazuka kambi yao ilikuwa tupu. Hawakutaka vita na boma linalofuga mazimwi. Igulwa ikasherehekea. Kapela akazifikisha pembe zake pwani.

Nyamizi hakuwa na pa kwenda. Alizeekea palepale, na kisa kile kilikua mbele ya macho yake: zimwi likaota mkia, likaota jicho la tatu kisogoni. Msimulizi hodari kuliko wote alikuwa Milembe, sasa mama wa watoto, ambaye hakusema uongo, kwani hayo ndiyo aliyoyakumbuka. Wakipura mtama alikuwa akiwaeleza watoto jinsi tumbo la zimwi lilivyokuwa na giza, na joto, na jinsi alivyosinzia mle ndani bila kuogopa.

Siku moja akamgeukia Nyamizi kwa heshima. "Bibi, sisi tunasimulia tu. Wewe uliyeishi nalo, hebu waambie. Lilikuwaje?"

Nyamizi akaacha kupepeta.

"Alikuwa mtu," akasema.

Watoto wakasogea karibu, wakangoja aendelee.