Korongo wa Chizuru

"Maonyesho yakiisha tu unamwambia mkeo, sawa? Nimechoka kujificha."

Chizuru aliusoma ujumbe huo kwenye simu ya mumewe, Kiyotaka, huku akiyeyusha gundi ya rangi kwa moto wa taratibu. Aliyeutuma ni Rinka, aliyesoma chuo kimoja na Kiyotaka.

"Simu yangu inalia?" Kiyotaka aliuliza kutoka bafuni.

"Matangazo tu."

Kiyotaka alikuwa akisomea shahada ya uzamili ya uchoraji kwa masafa. Chuo kilikuwa Kyoto, wao waliishi Kanazawa. Jina lilikuwa la mume, mikono ya mke. Chizuru alichora, Kiyotaka akagonga muhuri wake mwekundu wa jina pembeni, akapiga picha na kutuma. "Nikihitimu mimi, zamu yako," alimwahidi. Kazi ya mwisho tu ndiyo ilipaswa kupelekwa yenyewe chuoni, kwenye maonyesho.

Chizuru alimtazama korongo aliyekuwa akimchora. Rangi ile ni unga wa mawe, na kinachoushika ni gundi peke yake. Akamimina maji kwenye gundi mpaka ikawa nyepesi kama chai. Alilia, maana korongo yule alimpenda kweli. Kisha akaendelea kupaka.

"Katoka vizuri huyu," Kiyotaka alisema asubuhi, akigonga muhuri.

"Sana. Watamkumbuka."

Siku ya maonyesho, Mwalimu Onodera, mama asiyecheka ovyo, alipitisha brashi ya kufutia vumbi juu ya mchoro, kama alivyoifanyia michoro yote. Bawa zima la korongo likamwagika sakafuni, vumbi la buluu tupu.

"Gundi uliiandaaje?" alimuuliza Kiyotaka.

"Niliichemsha vizuri, Mwalimu. Mpaka ikatokota."

Mwalimu akaweka brashi chini.

"Gundi hii ikitokota imeharibika. Hata aliyeanza jana anajua. Nichoree jani moja hapa, sasa hivi."

Kiyotaka akamgeukia mkewe, aliyekuja naye, jasho likimtiririka. "Mke wangu, nisaidie basi."

"Si leo ndiyo unaniacha? Mwombe Rinka."

Rinka, aliyekuwa amesimama kando, akapauka. "Kiyotaka, michoro si yako?"

"Ni yangu, mdogo wangu," Chizuru alimjibu. "Hata ule mchoro wa maua aliokupa siku yako ya kuzaliwa. Mimi aliniambia ni wa shangazi yake."

Rinka alichukua mkoba wake akaondoka, hakumtazama mtu.

Mwalimu Onodera akamkazia macho Chizuru. "Na wewe ulinidanganya."

"Ndiyo, Mwalimu. Sikuja kuomba shahada. Nimekuja ili yeye asiipate."

"Hataipata." Mwalimu aliokota unga kidogo, akausugua vidoleni. "Siku ukitaka kusoma, omba kwa jina lako. Na gundi yako iwe nzima."

Chizuru aliinama kwa heshima, akatoka. Kwenye treni ya kurudi nyumbani simu ikaita. Hakupokea. Ukaja ujumbe:

"Umenimaliza, Chizuru. Umeua hata mchoro wako mwenyewe. Umefaidika nini?"

Aliusoma mara mbili. Uchungu wa korongo ulikuwepo bado, lakini moyo ulikuwa mweupe. Akaandika:

"Korongo nitachora mwingine. Karatasi ya talaka iko mezani, sahihi yangu tayari. Gonga muhuri wako, maana ndiyo kazi pekee uliyowahi kuifanya."