Plagi ya Nyuma

Injini ilikuwa haijawashwa tangu jana, lakini kule nyuma alikopenyeza mkono kulikuwa na joto. Mume wa mwalimu akalipuuza. Plagi za mbele za gari la mkewe alishazibadilisha. Iliyobaki ni ile ya nyuma kabisa, iliyojificha chini ya mabomba, ambayo hata mafundi huifungua kwa kupapasa. Na yeye, kwa lile domo lake, alishajitapa kwa mama mkwe: "Fundi wa nini, mama, na mimi nipo?"

Spana ikateleza. Vidole vikachubuka. Barazani mama mkwe alikuwa akimsifia mkwewe kwa jirani, na aibu ikampanda mume mpaka masikioni. Ndipo akanong'ona kule gizani, "Yeyote aliye humo, nisaidie."

Ikamjia harufu ya nywele zilizoungua. Kisha vidole vyembamba, vya moto, vikaichukua spana mkononi mwake kwa upole, na plagi ikaanza kuzunguka.

"Umemaliza, mwanangu?" mama mkwe akauliza.

"Nimemaliza, mama. Kazi ndogo tu."

Gari likanguruma vizuri ajabu. Ila mkewe akawa anarudi kutoka kazini na harufu ile kwenye nywele. "Kuna mtu ananipumulia shingoni nikiendesha," alimnong'oneza mumewe, naye akamwambia ni uchovu, akala akijua, akalala akijua, akapokea sifa mbele ya majirani akijua, huku roho ikimsuta, mpaka jioni moja mkewe aliposhuka garini na alama za vidole shingoni, nyekundu, zimevimba kwa kuungua, na mama mkwe akamwita mganga bila kumwuliza mtu.

Mganga alimketisha mke kwenye usukani, kwa kuwa ndiye aliyeshikwa. Akagusa boneti, akaondoa mkono haraka.

"Lililo humu halikuja lenyewe, liliombwa," akasema kwa sauti ya chini. "Kazi liliyoifanya ikitajwa mbele ya watu kuwa ni yake, litaondoka. Plagi ya nyuma aliifunga nani?"

Mke alikuwa akimtazama mumewe kupitia kioo. Mama mkwe alikuwa akitabasamu, kana kwamba jibu analijua.

"Mimi," akasema mume, macho kwenye viatu vyake.

Milango ikajifunga, injini ikawaka yenyewe, na mkewe akaanza kugonga kioo kwa viganja. Mganga akauliza tena, taratibu. Mume alikuwa akivuta kitasa kwa nguvu zote, analia, na bado hakusema kwamba si yeye.