Msumari wa Ida

Ndani ya chupa mlikuwa na maji na chumvi ya aina moja tu. Silvano aliichanganya mwenyewe. Kila Jumatatu, kwa majaribio, aliipitisha chupa hiyo kwenye mashine ya sumaku inayopima kemikali za ubongo wa watoto wachanga, na mchoro ulitoa kilele kimoja. Jumatatu hii ulitoa vilele vitano, vya ubongo wa mtoto aliye hai.

Alirudia mara tatu. Ghala lile la Masasi, walilokodishwa watafiti baada ya wanunuzi binafsi kuichukua biashara ya korosho, lilinuka maziwa ya mama.

"Umechoka, kaka," alisema Nikolao, mwenzake wa kazi. "Umezika juzi tu."

Ni kweli. Agnes, mkewe, alifariki saa chache baada ya kujifungua. Silvano alimpandisha Newala, akamzika kwao Chilangala, na mtoto wao Ida akamwacha kwa mke wa Nikolao, aliyekuwa akinyonyesha. Tangu jana Silvano aliporudi, Ida hakuwa amelia hata mara moja.

Chuma hakikuruhusiwa karibu na mashine. Sumaku ingekirusha kama risasi. Kwa hiyo mlangoni palikuwa na kopo, na akina mama waliweka humo misumari midogo waliyowafunga watoto mkononi ili majini yasiwasogelee. Silvano alizoea kuwatania. Sasa aliinama. Kopo lilikuwa na msumari mmoja, wenye uzi mweusi wa mafundo matatu.

Agnes ndiye aliyeufunga. "Usimvue, Baba Ida," alisema, na hakusema tena.

"Nikolao, huu umefikaje hapa?"

Nikolao alitazama chini. "Tulikuwa na watoto wazima tisa. Mradi unataka kumi. Nilimpima Jumamosi, dakika ishirini tu, kaka, wala hakulia."

"Mama yake alikuwa hajafukiwa."

"Ningekuomba, ungekataa."

"Ningekataa."

Silvano alitafuta mchoro wa Jumamosi wenye jina la mwanawe. Ulikuwa na kilele kimoja. Maji na chumvi.

Aliichukua chupa, akatoka nayo hadi barazani, alikokaa Mama Agnes, mkwewe, aliyeteremka naye kumlea mjukuu.

"Mama," alisema taratibu, "mtoto huyu unamwonaje?"

"Mzito," alinong'ona. "Tangu asubuhi ananitazama, nami naogopa kumpa mgongo. Mfunge msumari, Baba Ida, tuone."

Alimfunga, mafundo matatu kama ya Agnes, na yule aliyelala mapajani mwa bibi akafumbua macho, akamtazama kama mtu mzima anavyomtazama mtu aliyemgundua, kisha bila haraka akaleta mkono wa pili, na kwa vidole vya mtoto wa siku nne akafungua fundo la kwanza, akafungua la pili, akatulia kidogo, akafungua la tatu, msumari ukaanguka sakafuni, naye akatabasamu.

Nikolao alikuwa amesimama mlangoni. "Kaka," alisema, "nisamehe."

Silvano aliokota msumari, akaufunga kwenye shingo ya chupa, akaikumbatia kifuani.

Maji yakapata joto. Ndani yake, kwa sauti ndogo ya mbali, Ida akaanza kulia.