Fomu ya Kocha Kinyozi

Kila jioni, masomo yakiisha, wasichana wa timu hupita kwanza kwenye kibanda cha kinyozi. Si kwamba wanataka kunyolewa. Kinyozi ndiye kocha wao, na mazoezi hayaanzi mpaka amalize kichwa cha mwisho. Siku moja mteja alichelewa, akamaliziwa pembeni mwa uwanja, kitambaa shingoni, huku kocha akiwapigia kelele mabeki.

Alhamisi moja walikuwa na shughuli nyingine. Fomu za ligi ya watoto zilitakiwa zirudishwe kesho yake. Kifimbo, winga mwembamba mwenye mwandiko mzuri kuliko wote, alikalishwa mbele ya kioo. Akajaza jina la timu, umri wa wachezaji na rangi ya jezi. Kisha kalamu ikakwama.

"Kocha, hapa wanauliza kama umesomea ukocha."

Mashine ya kunyolea ikanyamaza. "Andika ndiyo."

"Lakini hujasomea."

"Miaka sita nawafundisha, mwanangu! Hiyo si shule?"

"We Kifimbo, andika bwana!" Tembo, golikipa, aliropoka kutoka benchi la wateja. "Tukikosa ligi tutacheza na nani? Na kuku?"

Kifimbo akautazama mguu wa Tembo. Jumanne Tembo aliteguka kifundo. Kocha aliukanda mguu huo kwa maji ya moto, kwa nguvu zake zote, kisha akamwambia akimbie ili uchangamke. Ukavimba kama kiazi. Tangu hapo kocha alikuwa ameshakwenda kwao mara tatu kumjulia hali. Aliwapenda kama binti zake, hilo halikuwa na ubishi. Ila mambo ya mguu hakuyajua.

"Nisamehe, Kocha," Kifimbo alisema kwa sauti ndogo. "Naitaka sana ligi. Lakini kuandika uongo siwezi."

Kocha alimwangalia, kisha akauangalia ule mguu kwenye benchi. Akaukodolea macho kwa muda mrefu mpaka mteja aliyekuwa akinyolewa akajikohoza.

"Fundi, nimalizie na upande huu, nisije nikaenda nyumbani nusu mtu."

Wote wakaangua kicheko. Kocha naye akacheka, ingawa kwa shida. "Haya. Andika hapana. Tena kwa herufi kubwa, wasije wakasema hawakuona."

Kesho yake kocha na Kifimbo waliipeleka fomu ofisini. Mama mmoja, katibu wa ligi, aliisoma, akavua miwani.

"Fomu ishirini na moja nimepokea leo, zote zimeandikwa ndiyo. Nikiomba vyeti, cha huyu kimelowa mvua, cha yule kimeliwa na mbuzi!" Akatabasamu. "Kocha, kesho tunaanza mafunzo, Jumamosi nne, bila malipo. Nafasi ni za waliosema hawajasomea. Ukihudhuria, timu yako itacheza, na mkufunzi wetu atakuwa nawe uwanjani."

Kifimbo alitaka kumkumbatia yule mama, akaona haya, akaikumbatia kofia yake.

Jumapili timu ilikusanyika kwa akina Tembo. Kocha alikuja na daftari jipya la mafunzo kwapani.

"Tembo, mwanangu, nisamehe. Kifundo kikiteguka kinawekwa barafu na kupumzishwa. Mimi nilikipika kisha nikakikimbiza! Kesho tunakwenda wote kliniki, daktari akione."

"Kwa hiyo hata zile mbio za kupanda kilima ulikosea?" Tembo akauliza kwa matumaini.

"Hizo nimeuliza mara mbili. Ziko sahihi."

Wasichana wakaguna kwa pamoja. Kocha akangoja watulie.

"Sikilizeni. Nilidhani kuwapenda kunatosha. Mzazi akikukabidhi mtoto wake, umpende, na pia ujifunze namna ya kumtunza. Kutojua hakukuwa aibu. Aibu ingekuwa kuficha. Na ningeficha kweli, kama huyu mtoto asingenikatalia mbele ya watu."

Kifimbo akainamisha uso. Tembo akasogea kwenye mkeka, akapigapiga mahali pa kukaa karibu naye.

"Njoo hapa, mkorofi wee," alisema. "Na kocha, tufungulie hilo daftari. Nasi tunataka kujua."