Cheni Iliyolishwa Mchanga

Ndugu zangu wa mtaa huu, nisikilizeni. Mimi mwenye duka hapa juu ya mlima niliyaona haya kwa macho yangu, na mpaka leo nikiyakumbuka mwili unanisisimka.

Mnamjua jirani yetu dereva wa pikipiki, yule tunayemwita Kioo. Asubuhi uani kwake kulikuwa na raha. Mkewe mshonaji akisafisha cherehani yake kwa brashi, naye Kioo akisugua tangi la pikipiki mpaka ungeweza kujitazama meno. Lakini cheni? Nyeusi tii, imeganda mchanga. Dawa yake ilikuwa moja tu: kuimwagia oili chafu iliyotolewa kwenye injini, juu ya mchanga uleule.

"Mume wangu, hiyo cheni inalia," mkewe alimwambia. "Mimi cherehani ikilia hivyo, naisafisha kwanza ndiyo naitia mafuta."

"Cherehani na pikipiki wapi na wapi?" Kioo akacheka. "Abiria gani anaangalia cheni? Halafu hii nimeshailisha, imeshiba."

Imeshiba mchanga, bwana! Mchanga na oili vikichanganyika husaga chuma polepole, na mwenyewe huna habari.

Mchana mmoja uchungu ukamshika mkewe, mimba ya kwanza. Gari halikupatikana. Kioo akampakia, wakaanza kupanda mlima huu kwenda zahanati. Nilikuwa mlangoni nikasikia "pah!" Cheni ilikatika, ikaanguka barabarani. Pikipiki ikaishiwa nguvu, ikaanza kurudi nyuma, na yule mama juu yake ameshika tumbo. Kioo alikanyaga breki, akaburuza miguu, lakini magurudumu yakateleza kwenye changarawe, haikusimama. Wanaume wawili waliokuwa wakishusha saruji wakaidaka kwa nyuma, hatua moja kabla ya mtaro. Jamani, Mungu ni mkubwa!

Tulimwingiza chumba changu cha nyuma, katikati ya magunia ya mchele. Tukatuma mtu zahanati, muuguzi akaja mbio kwa miguu. Nimekula chumvi nyingi, lakini sikuwahi kuona jambo kama lile. Kichwa kidogo chenye nywele kilitokea, kisha binti mzima, akalia kwa sauti iliyojaza duka lote. Mteja aliniita mara mbili, mimi macho kwa mtoto.

Kioo alisimama mlangoni, cheni iliyokatika mkononi, oili mpaka kwenye viwiko. Akaiweka chini, akanyoosha mikono ampokee mwanawe.

"Usimguse," mkewe akasema taratibu. "Kanawe kwanza."

Alinawa kwa sabuni mara tatu. Weusi haukutoka. Ikabidi asimame kando, mikono nyuma, akimtazama binti yake kwa mbali huku machozi yakimtiririka.

FUNZO

Wenzangu wenye pikipiki, tangi linalong'aa halimfikishi mtu popote. Roho ya abiria wako imebebwa na cheni. Zima injini, isugue kwa brashi na mafuta ya taa mpaka mchanga wote utoke, ifute ikauke, ndipo uitie oili safi kidogo kidogo huku ukizungusha gurudumu kwa mkono. Ikichakaa, badilisha bila ubishi. Na mtu wa nyumbani kwako akikwambia kitu kinalia, inama ukiangalie, kabla hujasimama mbele ya mwanao ukiogopa kumgusa.