Shemeki Aliniuliza Kama Freni Ni Nzima

Ndugu wasomaji, mimi ni mwanamke wa miaka hamsini na moja. Naishi Beni peke yangu, katika chumba kimoja chenye uwanja mdogo ambamo natengeneza pikipiki za watu. Wateja wananiita fundi, wananisalimia kwa heshima. Hawajui nilichofanya. Leo nakiandika, mnihukumu mnavyotaka.

Wakati wa vita nilikuwa na miaka ishirini na sita, nimeolewa Butembo. Mume wangu aliitwa Kakule. Tulikuwa na mtoto mmoja, Neema, na pikipiki moja ya zamani iliyotulisha. Kakule alibeba samaki wa chumvi kutoka Kyavinyonge, alibeba abiria hadi Kasindi, alibeba chochote.

Barabara zetu mnazijua. Vumbi wakati wa jua, matope wakati wa mvua, milima siku zote. Kwa hiyo kila Jumamosi tulifungua pikipiki nyuma ya nyumba, yeye na mimi. Alinifundisha mwenyewe. Sheni, ule mnyororo wa gurudumu, inalazwa ndani ya beseni la mafuta ya taa, inasuguliwa kwa mswaki wa zamani, inapanguswa mpaka ikauke, ndipo inapakwa oili. Ukiirudisha usiikaze sana. Ukiisukuma katikati kwa kidole, icheze upana wa vidole viwili. Na freni, yaani breki... unatoa gurudumu la nyuma, unaangalia garniture, vile vipande viwili vinavyobana kwa ndani. Ziking'aa, unazipiga msasa. Zikiwa zimekwisha, pikipiki haitoki uwanjani. Kwa jambo hilo Kakule hakuwa na mchezo.

Majirani walicheka kwamba Kakule ameoa mekanisyen. Nilifurahi. Ndiyo, nilifurahi sana!

Jumamosi moja asubuhi askari waliingia kwetu. Siwezi kusema walikuwa wa kundi gani, wakati ule makundi yalikuwa mengi na yote yalitia hofu. Walitaka pikipiki. Waliikuta imefunguliwa chini, gurudumu huku, sheni ndani ya beseni. Mkubwa wao alitukana, akasema basi mwenye pikipiki atabeba kwa mgongo wake. Walimtwika Kakule sanduku la risasi, wakaondoka naye upande wa Eringeti.

Hakurudi... Mpaka leo.

Mnaelewa kilichonitafuna? Kama sheni ingekuwa mahali pake siku ile, wangechukua chuma na kuniachia mtu! Jinsi nilivyojilaumu nilimweleza mama mkwe wangu peke yake. Alikuwa mjane, mama wa kanisa, mwembamba, wa maneno machache. Alinikatalia kabisa. Alisema watu wenye bunduki ndio waliomchukua mtoto wake, si beseni. Tangu siku hiyo alikuja kwangu karibu kila asubuhi na sombe, yale majani ya mihogo, au ndizi, akambeba Neema mgongoni ili mimi nipate kufanya kazi.

Nilianza kuendesha pikipiki mwenyewe, nikipeleka vitunguu na karoti Beni. Mwanamke juu ya pikipiki! Watu walisema mengi. Aliyesema zaidi ni shemeki wangu Kambale, kaka mkubwa wa Kakule. Huyo hakunipenda tangu siku ya ndoa, na mimi nilimrudishia hivyohivyo. Kanisani tulipeana mikono huku kila mmoja akiangalia pembeni.

Miezi minane ilipopita, Kambale alikuja na wazee wawili wa familia. Walisema pikipiki ni ya ukoo, mke hawezi kubaki nayo wakati mume hayuko. Mama mkwe alikuwa shambani, sikuwa na wa kunitetea. Nililia, nikasihi. Wazee waliangalia chini. Ndipo Kambale akasema:

"Ni weye ulimumaliza ndugu yangu. Kama haungefungua ile sheni, Kakule angekuwa hapa."

Lile jambo lililoninyima usingizi miezi minane... yeye alinitupia usoni mbele ya watu!

Sasa sikilizeni vizuri. Siku mbili kabla ya hapo nilikuwa nimefungua gurudumu la nyuma. Garniture zilikuwa zimekwisha kabisa, chuma kinagusa chuma. Kable, ule waya wa freni ya mbele, ulikuwa umekatika nyuzi, zimebaki tatu. Nilikuwa nimeagiza vipuri Kasindi, nikaisimamisha pikipiki ukutani nikivisubiri. Lakini nilikuwa nimerudisha gurudumu, nimekaza nati ya freni ya nyuma mpaka mwisho, nikafuta vumbi kila mahali. Kwa mwendo mdogo ilishika bado. Asiyejua angesema ni nzima.

Kambale akashika usukani. Hakuwa mtu wa vyombo, na alilijua hilo. Akaniangalia.

"Freni iko muzuri?"

"Iko muzuri," nikamjibu.

Nilisema nikimtazama machoni. Sitawadanganya, wasomaji wangu. Nilitaka aanguke. Nilitaka avunjike, alale kitandani, apate kujua uchungu. Kifo sikukifikiria... Au nilikifikiria? Miaka yote hii najiuliza, sipati jibu.

Siku nne alizunguka na pikipiki hapahapa Butembo, polepole, akisalimia watu. Siku nne! Kila asubuhi nilisema leo nitamtumia neno. Kila asubuhi nilisikia tena ile sauti yake, nikaendelea kumenya mihogo yangu.

Siku ya tano, saa tatu za asubuhi, jirani alikuja mbio. Alisema kuna habari kwamba askari wameachilia watu waliowabebesha mizigo, wako Beni, na mmoja anafanana na Kakule. Nilipiga vigelegele. Kisha akaongeza kwamba mama mkwe hakuweza kungoja. Kambale amempakia kwenye pikipiki, wametoka sasa hivi.

Nilimwekea jirani Neema mikononi nikakimbia miguu mitupu. Nilipofika mwisho wa mji walikuwa wamekwisha kupita. Nilimsihi shofa wa lori la kabichi anichukue. Hatukwenda mbali tukasimamishwa kwenye barriere ya askari. Walitushusha wote, wakapekua kabichi moja moja, wakauliza karatasi, wakacheka. Niliwaambia kuna mtu atakufa mbele. Mmoja akaniuliza kama mimi ni nabii.

Pale barabara inaposhuka Kabasha niliona watu wamekusanyika, nikajua.

Pikipiki ilikuwa ndani ya mtaro. Kable ilining'inia kwenye usukani kama uzi. Kambale alikaa chini akishika mguu wake, mfupa umetoka nje. Mama mkwe walikuwa wamemlaza juu ya kitenge cha mama mmoja mpita njia. Hakuwa na damu nyingi. Nilifikiri, Mungu wangu, labda atapona...

Kwenye kituo cha afya daktari alikuwa amekimbia vita. Mwuguzi mmoja alifanya alichoweza, lakini kifua kilikuwa kimeumia ndani. Siku mbili alihema kwa shida. Nilimshika mkono, nikampa maji kwa kijiko, na mdomo wangu haukufunguka! Yeye ndiye aliyesema.

"Masika, mutoto wangu, hapana mukasirikie Kambale. Freni ilimukatalia. Weye uende Beni, umuangalie Kakule wangu."

Alikufa siku ya pili alasiri, akiamini kwamba mtoto wake anamngoja.

Nilikwenda Beni kama alivyoniagiza. Yule mtu hakuwa Kakule. Alikuwa mkulima wa Oicha, na hakumjua mume wangu hata kwa jina.

Siku ya mwisho ya matanga, mbele ya mchungaji na ukoo wote, nilisimama nikasema. Nilisema garniture, nilisema nyuzi tatu, nilisema nilivyojibu. Wanawake walipiga kelele. Mtu alinirushia kikombe. Kambale peke yake alitulia, mguu umefungwa kwa mbao mbili. Alisema kwa sauti ndogo:

"Nilikuuliza, Mama Neema. Nilikuuliza mbele ya bazee."

Ningependa angenipiga.

Walinifukuza siku hiyohiyo, na Neema walibaki naye. Sikupinga. Nani angenisikiliza? Nilihamia Beni na spana zangu nne. Vita vilikuwa bado havijaisha. Siku moja aliingia uwanjani kwangu askari mwenye sare kama za wale waliomchukua Kakule, labda alikuwa mmoja wao. Alitaka nimtilie sheni oili tu. Nilipogusa freni ya nyuma nikakuta haishiki. Nilimchukia! Lakini nikamwambia kwamba asiiendeshe hivyo, na kwa nini. Alinuna, akaniita mama wa hila, lakini akaiacha mpaka nikaitengeneza. Sikumsamehe. Nilimwambia ukweli tu, basi.

Neema alikuja mara moja, akiwa mtu mzima, na mimba ya kwanza. Alikataa kiti. Aliuliza kama yale aliyoambiwa na baba yake mkubwa ni kweli. Nikasema ni kweli yote. Akageuka, akaenda zake. Mjukuu wangu sijamwona. Kambale anachechemea hadi leo, na tukikutana sokoni anavuka barabara. Ana haki.

Wasomaji wangu, sitawaambia mpendane na kila mtu. Kuna watu hawapendeki, najua. Mchukie mtu ukitaka, mnyime salamu, mfungie mlango. Lakini akikuuliza kama freni ni nzima, na wewe unajua si nzima, mwambie! Mwambie hata kama jana alikutukana mbele ya watu. Hujui kesho atampakia nani nyuma yake.